Sahani ya Bwana Gramu

Kama kuna mtu aliyeogopwa na wenye maduka kuliko mwizi, ni Bwana Gramu. Jina lake halisi lipo kwenye mafaili ya ofisini, na likae hukohuko. Sokoni, buchani, kwa wauza nafaka, kote alikuwa Bwana Gramu, mkaguzi wa mizani, na sanduku lake la mbao lenye mawe ya kupimia, kila jiwe kwenye kitundu chake, kuanzia kubwa la kilo tano mpaka dogo kama kifungo cha shati. Mawe yale hakuyashika kwa vidole vitupu hata siku moja. Alivaa glavu nyeupe za kitambaa, kwa maelezo kwamba jasho la mkono nalo lina uzito wake. Watu walimcheka kwa zile glavu, ila walisubiri kwanza aondoke.

Na alikuwa mnyoofu, tumpe haki yake. Miaka ishirini na sita kazini hajapitisha mizani iliyochezewa hata moja. Aliyejaribu kumsalimia na bahasha mkononi alijuta. Ila soda, jamani! Soda alikunywa. Nani akague mizani sita kwenye jua lile halafu akatae soda ya baridi? "Soda si rushwa," alikuwa anasema, na kipande cha keki kinachokuja juu ya kisahani aliona ni sehemu ya soda. Kule buchani, ambako nyama yenye mafuta yake inakaangwa pembeni, muuza nyama alimwita, "Njoo uonje, mkuu, utuambie chumvi imekolea?" Naye alienda kuonja. Mtu akionja si amekula? Basi ndiyo hivyo, siku nzima Bwana Gramu anaonja.

Mwaka jana, asubuhi moja, alipanda ngazi za ofisini kwake, ghorofa ya pili tu, akafika juu amejishika kifua, anahema, shati limemganda mgongoni. Wenzake wakamkalisha, wakampepea kwa faili. Hospitali wakamtoa damu, wakampima presha, wakamlaza kitandani wamembandika waya kifuani. Majibu yakaja kwa mkupuo: kisukari, ile aina ya pili inayowanyemelea watu wazima taratibu, presha iko juu, na mafuta kwenye damu yamezidi. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia moyo wake unafanya kazi ya mioyo miwili, na dawa peke yake hazitautoa hapo kama sahani haitabadilika. Ndipo akaelekezwa chumba cha tatu kushoto, kwa mtaalamu wa lishe.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanawe, sauti ya upole, kalamu haitulii. Bwana Gramu aliingia pamoja na mkewe, Mama Pacha, ambaye pacha wake walishakuwa wakubwa na kwenda kuishi kwao. Binti aliwauliza maswali saa nzima. Anaamka saa ngapi? Anatembea kiasi gani? Anapenda nini, hapendi nini? Nani anapika? Wali anaupenda? Bwana Gramu akasema anaupenda kuliko baadhi ya ndugu zake, wote wakacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa.

"Na mchana kazini unakula nini, baba?"

"Cha mke wangu. Ananifungia kwenye chombo, nabeba."

"Zaidi ya hicho?"

"Hakuna."

Neno likatoka lenyewe, kama mtu anavyojibu salamu. Wala hakukusudia kudanganya, au ndivyo alivyojiambia. Lakini Mama Pacha alikuwa amekaa pale, mkoba mapajani, na uso wa mwanamke anayejua kwamba mumewe kwa miaka thelathini hali chakula cha nje. Halafu lile neno "soda si rushwa", ambalo huko sokoni lilikuwa linasikika vizuri, alipojaribu kulisema kimoyomoyo ndani ya chumba kile chenye ukuta mweupe, lilisikika vibaya. Mkaguzi anayekula kwa anaowakagua. Akaona haya, akalimeza.

Binti akaandika mpango. "Huu ni wako wewe peke yako," akasema. "Nimeupanga kwa damu yako, kwa uzito wako, kwa kazi yako ya kutembea. Usimwazime jirani mwenye kisukari, na wewe usiazime wa jirani." Wali haukufutwa, ulipimwa: gramu mia na hamsini ukishaiva. Nusu ya sahani mboga za majani. Maharage, au samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga. Mafuta kijiko kimoja kwa sufuria nzima, chumvi ya kunyunyiza tu, tunda moja baada ya chakula cha mchana, na soda zisahaulike. Akawapa na daftari lenye safu nne: asubuhi, mchana, jioni, na ya mwisho imeandikwa Vinginevyo.

Nyumbani Mama Pacha alilichukulia jambo lile kama mtihani wa taifa. Alinunua mizani ndogo ya jikoni, na Bwana Gramu akasema haitatumika kabla yeye hajaikagua. Basi Jumamosi akaleta sanduku lake jikoni, akavaa glavu, akapanga mawe juu ya meza ya kukatia vitunguu. Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Pacha, umekuja kunifungia jiko?" Lakini yeye hakucheka. Aliipima ile mizani mara tatu, ikatoa jibu lilelile, akaibandika stika ya ofisi kabisa. Kuanzia siku hiyo hakuna punje iliyoingia sahani ya Bwana Gramu bila kupita hapo. Mama Pacha mwenyewe akaacha vya kukaanga, akaacha chai ya sukari ambayo aliipenda tangu utoto. "Nikae mbele yako natafuna viazi, wewe unaniangalia? Nina roho gani mimi?" Akala alichokula mumewe, kwa kipimo kilekile, na yeye hakuwa anaumwa chochote.

Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyedanganywa. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika, lakini ngoja nimalize.

Wiki ya kwanza Bwana Gramu alijikaza. Wiki ya pili alifika kwa mwokaji keki, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alipokataa soda, yule mama akashika kiuno. "Leo tumekukosea nini, mkuu? Au mizani yangu imeshakufa kabla hujaigusa?" Wateja wakageuka. Alichotakiwa kusema ni maneno matatu tu: nina ugonjwa, mama. Lakini akawaza, nikisema hivi hapa, jioni litakuwa limefika buchani, kesho ofisini, na keshokutwa mkuu wa idara ataniuliza kama sitaki kupumzika. Akaipokea soda. Alikunywa amesimama, haraka, kama mtu anayekunywa dawa, na keki akaila ili isionekane amekunywa soda peke yake. Hiyo nayo ni akili? Jioni, mezani, Mama Pacha akasoma kwa sauti huku anaandika: "Asubuhi, mkate wa ngano isiyokobolewa, kipande kimoja, yai moja. Mchana, gramu mia na hamsini, mboga, maharage. Vinginevyo?"

"Hakuna," akasema Bwana Gramu, na macho yake yakaenda kwenye samaki.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Kila siku ya kazi alikunywa na kuonja kote alikopita, mpaka buchani, na kila jioni alisema hakuna. Chombo cha mkewe alikula chote, hakumwaga hata punje, na hilo alijihesabia kama uaminifu.

Miezi mitatu ikatimia, wakarudi chumba cha tatu kushoto. Mama Pacha alikuwa amevaa gauni la kutokea, daftari kalifunika kwa karatasi ya maua. Binti wa lishe alikuwa na kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya mtu ilivyokwenda kwa miezi mitatu nyuma. Kile huwezi kukirubuni kwa kufunga siku mbili kabla. Alikitazama, akalitazama daftari, akakitazama tena.

"Sukari imepanda," akasema. "Ilikuwa nane nukta moja. Sasa ni tisa nukta nne. Na mafuta mabaya kwenye damu hayajashuka hata kidogo." Akafungua daftari ukurasa kwa ukurasa. "Sielewi. Mtu anayekula hivi hawezi kupata majibu haya. Labda ile mizani yenu ya jikoni ina kasoro?"

Sikiliza sasa. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mtu mwoga wa kawaida angeukimbilia: eeh, labda ni mizani, vitu vya siku hizi bwana, tutanunua nyingine. Uongo mdogo, hauumizi mtu, mambo yakaisha. Lakini umemwambia Bwana Gramu kwamba mizani aliyoikagua yeye, yenye stika yake, ina kasoro. Damu ikampanda kabla akili haijafika.

"Mizani ile nimeipima mwenyewe," akasema, mgongo umenyooka. "Kwa mawe ya ofisi. Mara tatu. Haikosei hata gramu moja."

Na huku maneno yanamtoka akaona macho ya binti yanahama, taratibu, bila ubaya wowote, kutoka kwake kwenda kwa Mama Pacha. Kama mizani ni nzima, limebaki nini? Umebaki mkono unaopima.

"Mama," binti akasema kwa upole, "hapa hatumlaumu mtu. Inatokea sana. Unapika kwa mapenzi, unaona sahani ni ndogo, unaongeza kidogo. Mafuta yanateleza. Hujawahi?"

Mama Pacha alifungua mdomo. Akamwangalia mumewe, kwa sababu alizoea kwamba mambo ya vipimo yeye ndiye anayejua. Bwana Gramu alikuwa anaziangalia kucha zake. Ndani yake sauti ilikuwa inamwambia sema sasa hivi, sema, sema. Hakusema.

"Labda," Mama Pacha akajibu. "Labda nilikosea. Kama mizani ni nzima, basi ni mimi."

Daktari akaongeza kidonge kimoja, binti akapunguza wali mpaka gramu mia, wakatoka. Njiani Mama Pacha alitembea hatua mbili nyuma, na alipofika nyumbani aliketi jikoni bila kuvua viatu. Bwana Gramu alisimama sebuleni anasikiliza. Alimsikia analia kile kilio cha kuziba mdomo na kitambaa. Angeingia. Kulikuwa na hatua nane toka kiti chake mpaka mlango wa jikoni, na hakuingia.

Habari za ugonjwa hazikai nyumba moja. Dada yake mkubwa akapiga simu, akaambiwa majibu, akauliza nani anapika, na baada ya siku tatu akashuka na begi lake mlangoni. Huyu dada ndiye aliyemlea Bwana Gramu baada ya mama yao kufariki, na mbele yake mkaguzi wa mizani alikuwa anarudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

"Wifi," dada akasema, hata maji hajanywa, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini huyu ndiye ndugu niliyebaki naye. Lete mwiko."

Mama Pacha akautoa. Hilo ndilo lililomchoma Bwana Gramu kuliko yote: kwamba aliutoa bila neno, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Tangu siku hiyo akawa mgeni jikoni kwake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua mboga, anasubiri kuagizwa. Dada mkubwa alipika na kupima vilevile, kwa mpango uleule, mizani ileile, ila kila alipomimina mafuta alisema kwa sauti, "Kijiko kimoja, mnaona? Kimoja!" Mama Pacha aliinamisha kichwa. Akivaa gauni lake la kutokea, lilimning'inia mabegani kwa alivyokonda.

Bwana Gramu alijaribu kusema. Nisimwonee, alijaribu. Mara ya kwanza alimfuata mkewe kwenye kamba ya nguo, akamsaidia kuanika shuka, akaanza, "Mama Pacha, kuna jambo…" Mkewe akadakia, "Najua unataka kusema umenisamehe. Usiseme, nitalia tena." Akachukua shuka jingine, akalianika. Mara ya pili alimwita dada yake pembeni, akasema labda si kosa la mkewe. Dada akampigapiga begani. "Ndivyo ulivyo, una huruma kama mama." Baada ya hapo alishindwa hata kumtazama dada yake usoni.

Basi akapata mpango wa kwake, mpango wa mwoga. Akaamua kuacha. Aache soda, keki, mafuta ya buchani, aache vyote kwa kweli, sukari ishuke, na mambo yaishe kimyakimya bila mtu kuaibika. Na safari hii aliacha! Aibu ilimpa nguvu ambayo hofu ya kufa haikumpa. Kwa mwokaji keki alisema, "Mama, nina kisukari na moyo wangu hauko sawa, naomba maji." Yale maneno matatu ya kwanza yalitoka kwa urahisi ajabu. Yule mama akasema, "Hata marehemu mume wangu alikuwa nacho," akamletea maji na kiti. Ofisini hakuna aliyemtimua. Buchani walimkatia mnofu usio na mafuta ampelekee mkewe. Kumbe yote aliyoyaogopa yalikuwa upepo mtupu. Alianza kupanda zile ngazi bila kusimama katikati. Mkanda ukaingia matundu mawili, na jioni alipoulizwa vinginevyo, aliposema hakuna, ilikuwa kweli.

Miezi mitatu mingine ikapita hivyo, wakaenda hospitali wote watatu.

Siku hiyo ilikuwa ya darasa. Binti wa lishe aliwakusanya wagonjwa wake ukumbini, watu kama ishirini, kila mmoja na anayempikia, kwenye mabenchi marefu. Mezani kulikuwa na vyakula vya plastiki vya kufundishia, samaki wa plastiki, chungwa la plastiki. Aliwaita mmoja mmoja dirishani kuwapa majibu, na alipofika kwa Bwana Gramu uso wake ukang'aa.

"Saba kamili! Baba, kutoka tisa nukta nne mpaka saba! Na presha imeshuka, na mafuta yameshuka. Mmefanya nini?"

Dada mkubwa alisogea mbele, kifua mbele. "Nilikuja mimi," akasema.

Hapo ndipo Bwana Gramu alipoona alichokifanya. Aliona chote kwa mara moja. Sukari yake ilikuwa imeshuka tangu siku zilezile mkewe alipotolewa jikoni. Kupona kwake ndiko kulikokuwa ushahidi. Alivyojitahidi kwa siri, kila soda aliyoikataa, ilikuwa inamwekea mkewe hatia juu ya kichwa, na sasa ilikuwa imegongwa muhuri wa hospitali. Kama angebaki mgonjwa, pengine ingebaki nafasi ya shaka. Akapona, akamfunga.

Yule binti hakuwa na nia mbaya, wallahi. Alitaka wengine wajifunze. "Mama," akamwambia Mama Pacha, "unaweza kutusaidia? Si kwa kulaumiwa. Waeleze wenzako makosa ya jikoni, jinsi yanavyoingia bila mtu kujua. Utawaokoa wengi."

Mama Pacha akasimama. Aliweka mkoba kwenye benchi, akauondoa, akaushika tena.

"Hamjambo," akasema. Wakaitikia. "Mimi nilikuwa namuua mume wangu bila kujua. Nilipima kila kitu. Naapa nilipima. Lakini vipimo vilikuwa sawa na mtu alikuwa anaumwa, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa unadanganya mahali. Nimekaa miezi mitatu nawaza ni wapi, sijapaona. Labda ni mafuta. Wifi yangu alipochukua jiko, mnaona wenyewe." Mzee mmoja benchi la nyuma akasonya kwa masikitiko. Mama Pacha akamsikia, akatikisa kichwa kukubali. "Basi nawaomba wenzangu mnaopika, msijiamini. Mimi nilijiamini."

"Si yeye!"

Ilikuwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Bwana Gramu alikuwa amesimama, kofia mkononi, anaikunja kama anakamua nguo.

"Baba, tumwache mama amalize kwanza," binti akasema.

"Akimaliza atakuwa ametoa ushahidi wa uongo. Si yeye. Chakula chake hakikuwa na kosa. Ni mimi nilikuwa nakula nje." Akaendelea kwa sababu aliogopa kwamba akinyamaza hatasema tena. "Kazini. Kila siku ya kazi, toka mwanzo. Kila alichoniandalia nilikula, halafu nikala na vingine. Kila jioni aliniuliza, nikasema hakuna."

Binti alikuwa ameshika kalamu, haandiki. "Ulikuwa unakula nini?"

"Soda tatu. Siku nyingine nne. Keki vipande viwili." Akaikunja kofia tena. "Na nyama ya mafuta. Hiyo sikuipima."

Watu wakacheka. Walicheka kwa sababu lilikuwa jibu la kuchekesha, na kwa sababu wengine walimjua ni nani. Kisha mmoja mmoja wakamwona Mama Pacha, ambaye bado alikuwa amesimama, na kicheko kikakatika chenyewe. Bwana Gramu alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka ishirini na sita aliwasimamisha watu mbele ya wateja wao, akawaonyesha kwa mawe yake kiasi walichoiba, na hakuwahi kuwaza inakuwaje kusimama upande ule.

"Siku ile nilipoulizwa kuhusu mizani," akasema, taratibu zaidi, "nilijua. Nilikaa pale najua. Niliitetea mizani, nikamwacha yeye."

Dada mkubwa alikuwa amejishika mdomo. "Yaani mimi," akasema kwa sauti iliyovunjika, "mimi nimeingia nyumba ya mwenzangu nikamnyang'anya mwiko!" Akakaa kwenye benchi kama gunia.

Mama Pacha alimwangalia mumewe kwa muda, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alimwangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Kisha akakaa, akakunja kadi ya hospitali mara mbili, akaiweka kwenye mkoba.

Walipofika nyumbani, dada hakungoja chakula cha mchana. Alifunga begi, akamfuata wifi yake uani, wakashikana mikono, wakasemeshana maneno ambayo Bwana Gramu hakuyasikia wala hakuwa na haki ya kuyasikia. Alipopita mlangoni hakumuaga mdogo wake. Nyumba ikabaki na watu wawili.

Mama Pacha aliingia jikoni, akashusha sufuria zote rafuni, sufuria safi kabisa, akaanza kuziosha upya. Safari hii Bwana Gramu alizitembea zile hatua nane. Akasimama mlangoni. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Mama Pacha, nisamehe."

Maji yakaendelea kutiririka.

"Nitawapigia pacha simu leo hii, niwaeleze mwenyewe. Na jirani. Kila aliyesikia kwamba ni wewe, nitamfuata nimwambie ni mimi. Hatabaki mtu."

"Kabaki," mkewe akasema, bila kugeuka.

"Nani? Niambie, nitaenda sasa hivi."

Mama Pacha akafunga bomba. Alijifuta mikono kwenye gauni, akageuka, na macho yake yalikuwa makavu.

"Mungu," akasema. "Miezi mitatu, kila asubuhi kabla hamjaamka, nimekuwa napiga magoti natubu kwamba nilikuwa nakuua. Nililia mbele yake. Nikamwambia ni mimi, anisamehe. Sasa nenda wewe ukamwambie haikuwa mimi, maana mimi sijui nitaanzia wapi."